Siwema na Rangi Mbichi

Huyu hapa Siwema. Ana miaka sita na pengo mbele. Mkono wake wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo.

Kwa nini ameuficha? Tuanze asubuhi.

Siwema anaishi Muheza na shangazi yake. Shangazi Tunu ni mchoraji. Hachori watu, hachori kuku. Anachora rangi tupu.

Siku hiyo alikuwa anachora kwenye kioo kikubwa. Kioo chenyewe ni cha dirisha la chekechea, darasani kwa kina Siwema. Kesho yake fundi angekuja kukichukua.

Rangi ya shangazi ni nyepesi kama juisi. Jana alipaka njano. Leo akapaka nyekundu juu yake, na njano bado ilionekana kwa chini. Akawa anaimba:

Paka kidogo, ngoja ikauke,
mwanga nao upate kupita.

Siwema akauliza kwa nini wangoje. Shangazi akamwambia rangi mbichi inafutika, lakini ikishakauka haitoki tena. Kisha akaenda uani kuanika nguo.

Siwema akangoja. Akangoja tena kidogo. Kopo la buluu lilikuwa wazi.

Akachovya brashi. Swii. Ikapendeza. Swii, swii. Akaongeza na kiganja. Pa!

Buluu na nyekundu mbichi zikakorogana juu ya njano. Kioo kikawa tope, na mwanga haukupita.

Siwema akaona aibu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Shangazi akamwita jikoni wale vitumbua. Siwema akaenda, mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Akachukua kitumbua kwa mkono wa kushoto.

"Siwema," shangazi akasema, "tangu lini tunakula kwa kushoto?"

Siwema akakirudisha kitumbua sahanini. Kichwani mwake wimbo ulikuwa unajiimba wenyewe:

Paka kidogo, ngoja ikauke.

Na tope nalo lilikuwa linakauka. Akinyamaza, halitatoka tena. Akisema, shangazi atajua.

Siwema akautoa mkono. Ulikuwa wa buluu mpaka kwenye kucha.

"Shangazi, nimeharibu kioo. Rangi bado ni mbichi. Twende upesi."

Wakakimbia. Wakachukua vitambaa na maji. Futa, futa, futa. Buluu ikatoka. Nyekundu ikatoka. Njano ya jana ikabaki, maana ilikuwa imekauka.

Lakini pembeni kulikuwa na alama ya kiganja, ya rangi ya tope. Hiyo ilikuwa imeshakauka. Vidole vitano, vyote vya Siwema.

Siwema akainama, machozi yakamdondoka.

"Nimekasirika," shangazi akasema. "Kazi ya asubuhi yote imeharibika. Lakini umeniambia mapema, njano yetu imepona."

Akampangusa machozi. Wakapaka nyekundu upya, wakangoja pamoja. Wakapaka buluu, wakangoja tena. Siwema akaomba kile kiganja kifunikwe. Shangazi akasema rangi nyepesi haifichi kitu.

Paka kidogo, ngoja ikauke,
mwanga nao upate kupita.

Kesho yake fundi akaja, kioo kikawekwa kwenye dirisha la darasa. Watoto wote wakasogea kutazama. Mtoto mmoja, Mbwana, akaona kiganja. Akauliza ni cha nani.

Siwema akaona aibu tena. Masikio yakawaka tena. Mkono ukataka kurudi nyuma ya mgongo.

Akaunyoosha juu.

"Ni changu," akasema. "Nilipaka kabla rangi haijakauka."

Mbwana akautazama mkono, akatazama kioo. Akasema yeye juzi alimwaga uji wa darasa zima, akamsingizia paka. Mwalimu akasikia. Watoto wakacheka, na Siwema naye akacheka.

Mchana wakalala kwenye mikeka. Jua likapita kwenye kioo. Njano ikaangukia huku, zambarau ikaangukia kule. Kile kiganja cha tope kikaangukia mkeka wa Siwema.

Siwema akaweka mkono wake juu yake, akafumba macho. Hakuuficha tena.