Mboga Namba Sufuri

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nusu ya unyusi wa kulia wa mwalimu mkuu ilikuwa sakafuni.

Kinyozi aliinama akaitazama. Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo. Mashine peke yake ndiyo iliyoendelea kunguruma.

"Fundi," alisema mwalimu mkuu, "nilikuomba unyoe wapi?"

"Pembeni mwa sikio, mwalimu."

"Na hapa ni sikio?"

"Hapana, mwalimu. Sasa naona."

"Sasa!"

Kinyozi alizima mashine. Alikuwa amenyoa watu kwa miaka kumi na tisa bila kosa la namna hii. Lakini kwa wiki tatu macho yake yalikuwa na ukungu. Kiu ilikuwa haimwishi. Alikwenda chooni mara nyingi, mpaka wateja wakamtania kwamba amepanga chumba huko.

Mwalimu mkuu alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye macho.

"Sitakugombeza," alisema. "Lakini sirudi kwenye kiti hiki mpaka uwe unaona. Na walimu wangu kumi na wawili hawarudi."

Walimu hao walikuwa nusu ya wateja wake wote.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Jikoni palikuwa nyuma ya pazia. Mke wa kinyozi alikuwa amesikia kila neno. Alitoka na mwiko mkononi.

"Umekula chochote leo?"

"Bado."

"Vizuri. Vaa viatu. Tunakwenda zahanati."

Kipimo cha sukari kilisoma kumi na tatu nukta mbili. Kabla ya kula, sukari ya mtu asiye na kisukari kwa kawaida haizidi sita.

"Ni kisukari," alisema daktari. "Ukungu wa macho umeletwa na sukari iliyopanda. Utameza vidonge hivi kila siku. Macho yatapimwa pia. Chukua kipimo hiki ujipime nyumbani. Punguza wali na mkate, ongeza mboga. Nusu ya sahani iwe mboga."

Kinyozi alirudi amechangamka. Kula mboga kulimshinda nani?

Tatizo lilikuwa hilo neno. Nyumbani kwao, kila kilichokaa kando ya wali kiliitwa mboga. Samaki alikuwa mboga. Mayai yalikuwa mboga. Viazi vyenye rojo vilikuwa mboga iliyopendwa kuliko zote.

"Leo mboga gani?" aliuliza mchana ule.

"Viazi vya kuponda."

"Jaza nusu sahani. Amri ya daktari."

"Na hapa palipobaki?"

"Una mboga gani nyingine?"

"Mahindi ya kuchemsha."

"Weka na hayo."

Kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba karoti ni nzuri kwa macho, kila asubuhi alikunywa glasi mbili kubwa za juisi ya karoti. Mkewe aliichuja vizuri, asikwamwe na makapi.

Baada ya wiki mbili, kipimo kilisoma kumi na tatu nukta tisa.

"Kimeharibika," alisema kinyozi. Alibadilisha sindano, akampima mkewe. Tano nukta moja.

"Hakijaharibika," alisema mkewe.

"Basi kinakupendelea."

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa nesi wa zahanati ileile. Mke alimwita. Nesi alikuja na kandambili, akaketi jikoni.

"Shemeji, vidonge unameza?"

"Sijaruka hata kimoja."

"Na chakula?"

"Mboga tupu."

"Zitaje."

"Viazi. Mahindi. Mihogo. Juisi ya karoti."

Nesi alivihesabu vyote vinne kwa vidole.

"Shemeji, hujala mboga. Umekula wali uliobadilisha nguo."

"Lakini nimenunua vyote kwa muuza mboga!" alisema mke.

"Hata kikapu umenunua kwa muuza mboga, dada. Utakipika?"

Mke alicheka. Kinyozi hakucheka.

"Niletee vichana vya mashine yako," nesi alimwambia.

Kinyozi alileta vile vichana vya plastiki vinavyopachikwa kwenye mashine. Kila kimoja kilikuwa na namba yake.

"Ukinyoa namba sufuri, bila kichana, nywele zinabakije?"

"Chini kabisa, kwenye ngozi."

"Na namba nne?"

"Zinasimama."

"Na sukari ni hivyohivyo."

Nesi alileta mboga nyingine kutoka jikoni kwake, akaipanga meza. Upande mmoja aliweka mchicha, kabichi, bamia, biringanya, nyanya na tango.

"Hizi ni namba sufuri. Zina wanga kidogo sana. Sukari haipandi sana. Nusu ya sahani ni yao."

Katikati aliweka karoti, kipande cha boga na njegere, akaegemeza kichana namba mbili.

"Hizi zina wanga kiasi. Kula, lakini usijaze."

Mwisho kabisa aliweka viazi, mihogo na mahindi, pamoja na kichana namba nne.

"Hivi vina wanga mwingi. Tumboni wanga unageuka sukari. Sijakukataza. Ila vinakaa kwenye robo ya sahani, mahali pa wali. Ukila viazi, wali usubiri. Robo iliyobaki ni ya samaki, yai, nyama au maharage."

"Na juisi yangu?"

"Glasi moja ina karoti ngapi?"

"Saba," alisema mke.

"Ungeweza kutafuna karoti kumi na nne kila asubuhi?"

"Mimi si sungura," alisema kinyozi.

"Ndiyo maana. Tena yale makapi mnayotupa ndiyo yanayochelewesha sukari kupanda. Kula karoti moja, nzima."

Kinyozi alikunja mikono. "Hayo ni maneno."

"Usiniamini mimi. Amini kipimo. Jipime saa mbili baada ya kula."

Siku hiyo alikula viazi vyake vya kuponda, nusu sahani, kwa mara ya mwisho. Baada ya saa mbili: kumi na sita nukta nne. Kesho yake alikula nusu sahani ya kabichi na bamia, robo ya wali na robo ya samaki. Baada ya saa mbili: kumi nukta nane.

Alipima mara mbili. Kisha akamletea mkewe karatasi na kalamu.

Mkewe alibandika orodha ya mboga ukutani, kando ya picha za mitindo ya nywele. Mteja mmoja aliingia akasema, "Namba sufuri." Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mchicha au bamia?"

"Na vidonge?" kinyozi alimuuliza nesi wiki iliyofuata. "Niache sasa?"

"Thubutu! Bamia haichukui nafasi ya kidonge."

Sukari ya asubuhi ilishuka. Kumi. Nane nukta sita. Sita nukta saba. Wakati huohuo unyusi wa mwalimu mkuu ulikuwa ukiota. Kwa muda huo aliuchora kwa penseli, juu kidogo kuliko wa kushoto. Wanafunzi walimwita Mshangao.

Wiki ya kumi, Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu mkuu alisimama mlangoni na gazeti.

"Soma hapa. Herufi ndogo."

"Linauzwa kabati," alisoma kinyozi. "Milango miwili. Mmoja haufungi."

"Umekariri?"

"Mwalimu, gazeti ni la leo."

Mwalimu mkuu aliketi. Aliziba nyusi zake kwa mikono miwili.

"Nanyoa pembeni mwa sikio, mwalimu."

"Hata mara ile ulisema hivyo."

Saa tatu kamili alisimama mbele ya kioo. Aligusa unyusi wa kulia, kisha wa kushoto. Zote zilikuwepo.

Jumatatu, saa kumi na nusu jioni, walimu kumi na wawili walikuwa kwenye foleni. Wa kwanza aliketi kwenye kiti akaziba nyusi zake kwa mikono miwili.