Kipimo Kisichoonekana kwa Macho

Mwaka ule maharage ya kijiji cha Tumati yalistawi sana. Wanasema jogoo wa Scolastica aliingia shambani Jumatatu, akatoka Alhamisi amenenepa.

Asubuhi moja Scolastica alikuwa anakamua ng'ombe. Mumewe, Yoakimu, alikwenda shambani. Maharage yalikuwa yameiva, lakini magugu bado mabichi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Mvua ikinyesha, chakula cha mwaka kitaoza.

Yoakimu akabeba bomba la dawa ya kuua magugu, akaanza kupuliza. Alipofika nusu ya shamba, Scolastica akaja na chai. Nyuma yake akaja Zulfa, afisa ugani wa kata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nayakausha magugu haya. Siku tatu tu, tunavuna."

"Kibandiko cha dawa umekisoma?"

"Miwani nimeisahau nyumbani."

"Miwani ipi?" mkewe akauliza. "Tangu lini una miwani?"

Zulfa akasoma. Dawa ile ilikuwa ya kupuliza kabla ya kupanda tu.

"Sasa jani limeinywa, baba. Itafika mpaka ndani ya punje."

"Tutaosha. Tutachemsha."

"Maji hayaifikii huko, na moto wa jikoni hauimalizi. Ndiyo maana serikali imeweka kiwango cha mabaki ya dawa kwenye chakula. Kikizidi, chakula hakiuzwi."

"Kiwango chenyewe kikoje?"

"Kila dawa ina chake kwa kila zao. Tuseme ni miligramu moja kwa kilo. Basi gunia zima la kilo mia linaruhusiwa hii tu." Akabana vumbi kidogo kwa ncha za vidole viwili.

"Na maabara wanaiona?"

"Hata ikiwa chini ya hapo."

Yoakimu akatazama vile vidole, kisha shamba. Akavua kofia kama yuko kanisani.

"Na nusu hii niliyopuliza?"

"Msile, msiuze, ng'ombe wasipewe majani yake. Tupime kwanza."

Nusu nyingine waling'oa magugu kwa mikono. Mistari ya mpakani wakaiacha, maana upepo hubeba dawa. Wakavuna, wakaanika maharage kwenye turubai, na mvua ilipokuja wakayafunika haraka.

Zulfa akapeleka sampuli za pande zote mbili. Majibu yakarudi: yaliyopulizwa yalizidi kiwango, yakateketezwa. Yale mengine yalikuwa salama.

Siku hiyo Scolastica akapika sufuria la kwanza. Yoakimu akainua punje moja kwenye kijiko, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe mtu anaweza kuona mpaka humu ndani," akasema.

"Wameshaona. Ni safi," mkewe akajibu. "Kula."

Akala, polepole kuliko siku zote.