Ujumbe wa Saa Saba

Walikutana kwenye foleni ya duka la dawa. Yeye alikuwa msusi, gauni lake la kijani bado limenasa nywele za wateja. Mbele yake kijana mwenye miwani na shati la mistari minene alikuwa akimsumbua muuzaji kwa maswali.

"Kaka, unanunua dawa au unafanya sensa?"

Kijana akacheka. Alikuwa akitengeneza mashine ya kuwakumbusha wagonjwa dawa kwa ujumbe wa simu. Lilikuwa toleo la kwanza kabisa, la kujaribia tu, na alitafuta watu ishirini. Msusi alikuwa na mama mwenye presha na kichwa kigumu. Akatoa namba.

Tangu hapo, saa saba kamili mchana, ujumbe uliingia: "Shikamoo mama. Umekunywa dawa?" Msusi alisukia watu sebuleni kwao, kwa hiyo alimsomea mama na kujibu yeye. Na kwa kuwa aliamini ni mashine, alijibu apendavyo. "Amekunywa, baada ya kunitukana." Siku nyingine: "Aliyekutengeneza ni mzuri, ila anavaa kama godoro."

Miwani, ndivyo alivyomwita, akaanza kupita kila Jumamosi. Safari moja alikuja na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Msusi alifurahi, hakuwaza zaidi. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?" msusi aliuliza.

"Namsubiri wa kunilisha."

"Basi utakonda."

Siku moja aliiandikia mashine: "Nampenda. Ila akinioa, mama nitamwachia nani?"

Jumamosi iliyofuata Miwani hakumaliza hata dakika tano kabla ya kusema: "Nataka kukuoa. Na mama tutakaa naye."

Msusi akaweka kitana chini. "Nani kakwambia nawaza habari za mama?"

Miwani akaitupia jicho simu yake.

"Mashine yako inakusomea?"

"Hakuna mashine," alisema Miwani. "Bado. Ni mimi na kengele ya simu. Nilitaka kujua kwanza kama watu wanaihitaji, ndipo nijenge."

"Miezi miwili unanichungulia moyoni!"

"Nilipaswa kukwambia mapema. Nikaona utamu, nikanyamaza."

"Toka."

Kesho yake watumiaji wote ishirini walipata ujumbe: "Anayewaandikia ni mtu, si mashine. Majibu yenu nimeyasoma. Naomba radhi. Asiyependa aniambie nimwondoe." Wanane walijitoa. Msusi alisikia idadi hiyo kwa muuza dawa. Yeye hakujitoa; alijiambia ni kwa ajili ya mama.

Wiki ya nne ujumbe ulibadilika: "KUMBUSHO LA DAWA. AMEKUNYWA, JIBU 1. HAJANYWA, JIBU 2."

"Mbona siku hizi kijana wangu hanisalimii?" mama aliuliza.

Siku ya tatu msusi alipiga simu.

"Mashine yako haina adabu. Haimpi mama shikamoo."

"Safari hii ni mashine kweli. Hakuna anayesoma."

"Najua. Nimeijaribu."

"Umeijaribu vipi?"

"Nimeiandikia kwamba nimekubali kuolewa, na mama tutakaa naye."

Miwani alikohoa. "Ikasemaje?"

"Ikasema jibu halijatambuliwa, nichague moja au mbili." Msusi akabana simu begani, akaendelea kusuka. "Sasa nimekwambia wewe mwenyewe. Njoo Jumamosi, na umwamkie mama kwa mdomo wako."