Ngumi ya Arvid

Kilianza kidole kimoja kilichozidi.

Marlys Kangas alikuwa mbele kwenye pikipiki yake ya theluji, mumewe Arvid nyuma, wakikagua njia ya klabu yao ya pikipiki hizo. Walipopishana na kijana aliyetoka upande wa pili, Marlys aliinua kidole kimoja kama ilivyo desturi: nyuma yangu yuko mmoja. Arvid, kwa kuwa wa mwisho, alionyesha ngumi: nyuma yangu hakuna mtu.

Kwenye kioo Marlys alimwona kijana akisimama, akiwageukia, akitikisa kichwa. Kijana akainua vidole viwili, kumrekebisha: nyuma yako wako wawili.

Kwenye kibanda cha kuotea moto Arvid aliingia na harufu ya matope ya ziwa.

"Nani anatufuata?" Marlys alinong'ona.

"Mashabiki wangu."

Mashabiki alikuwa nao. Alikuwa mwenyekiti wa usalama wa klabu. Kila msimu ukifunguliwa alihubiri huku watu wakinywa kahawa ya bure: msiiache njia, msikanyage ziwa lililofungwa, msimwache mwenzenu. Alihubiri vizuri mno kwa mtu ambaye rafiki yake Lyle alizama ziwani humo majira ya baridi yaliyopita. Arvid alisema waliachana mapema, Lyle akakatiza ziwani peke yake.

"Siku Lyle alipozama ulipishana na kina Tessmer wa klabu," Marlys alisema. "Uliwaonyesha nini?"

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Arvid alishtuka.

"Ngumi," alisema.

"Na Lyle?"

"Alikuwa anapiga kelele, Marlys. Tulikuwa tumelewa, barafu inakatika. Ningerudi tungekufa wote."

"Kina Tessmer walikuwa na kamba, Arvid. Wangemvuta."

Nje, injini iliyokuwa imezimwa ilikohoa mara moja.

"Nisikilize, mume wangu. Tukikutana na mtu, inua kidole. Kiri kwamba yupo. Labda hilo ndilo kinalolidai hicho kilicho nyuma yako."

"Mwenyekiti mzima nimwinulie maiti kidole? Watanicheka hadi kiangazi! Washa, twende."

Wakaondoka, na harufu ya matope ikawa mbele yao na nyuma yao, ikipenya helmeti, ikikaa ulimini kama kutu, na ilipojitokeza taa ya pikipiki ya mwanamke mmoja penye kona ya ziwa Marlys aliinua kidole chake akaangalia kioo, akamwona Arvid akiinua ngumi, juu kabisa, kwa kiburi kilekile cha jukwaani, na nyuma ya bega lake taa ya manjano, hafifu kana kwamba inamulika kutoka ndani ya maji, na ngumi haikushuka, kwa sababu glovu iliyokuwa inachuruzika maji, katika baridi ambamo maji hayawezi kuchuruzika, ilikuwa imeushika mkono ule na kuukunja taratibu kuelekea ziwani.

"Inua kidole!" Marlys alipiga kelele. "Arvid, kidole!"

Mlio wa injini ulisikika juu ya barafu. Kisha ukasikika chini yake.

Watafutaji walikuta barafu nzima, haina hata ufa.

Marlys bado anakagua njia, peke yake. Mwanzoni alikuwa anaonyesha ngumi, lakini kila aliyepishana naye alisimama, akageuka, akamrekebisha.

Siku hizi huinua vidole viwili, na hakuna anayesimama.