Kona Iliyobanduliwa

Saa moja na robo asubuhi, mashine zikiwa bado zimelala, msimamizi wa zamu alifungua chumba cha ukaguzi akakuta kipande cha usukani wa mkia wa ndege kimeharibiwa. Kilikuwa mezani palepale kilipoachwa jana yake, kimefutwa vizuri na kupigwa muhuri wa kupita. Lakini kwenye kona moja bati la juu lilikuwa limebanduliwa kwa patasi na kupinduliwa nyuma kama kifuniko cha mkebe. Chini yake sega la alumini lilikuwa wazi, vyumba vyake vidogo vikimetameta.

Mshukiwa alipatikana kabla chai haijapoa, maana kiwandani lawama haikosi pa kulala. Alikuwa Chiriku, binti wa kitengo cha gundi, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Jana alasiri alisema mbele ya watu kwamba kipande kile kimemchosha, laiti angeruhusiwa angekipiga teke mpaka kiruke bila ndege. Jana watu walicheka. Leo walikuwa wakimtazama kwa pembeni.

Meneja alimwita mkuu wa ulinzi, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa polisi na ambaye kila mtu bado alimwita Afande.

"Mpaka saa sita," alisema Meneja. "Usiponionyesha mwingine, huyu binti namkabidhi polisi. Na kazi ndiyo basi."

Afande aliijua hali ya Chiriku. Baba yake alishafariki, mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, na nyumba nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Binti kama huyo akikosa kazi, wanaanguka wote.

Aliinamia ile kona kwa makini. Alikuwa ameiona kazi ile miaka mingi: karatasi nyembamba za alumini hupakwa mistari ya gundi, hubanwa pamoja, kisha huvutwa mpaka zifunguke kuwa sega. Sega huvikwa bati juu na chini kwa gundi nyingine, kisha kipande chote huokwa tanurini. Gundi ikishika sawasawa, bati likibanduliwa hung'oka na vipande vya sega. Hapa bati lilikuwa limetoka safi kama limewekwa tu. Ni kwenye ukingo, patasi ilipokomea, ndipo sega lilipoanza kuchanika. Gundi haikushika hapo, na aliyebandua alisimama palepale ubovu ulipoishia.

"Huyu hakuwa na hasira," Afande alijisemea. "Alijua anachokitafuta."

Akiwa ukumbini, bado na barakoa ya chumba cha kazi, alikutana na Mzee Nyundo, mpimaji wa vipande. Kazi ya mzee ilikuwa kugonga kila kipande kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwani palipo na ubovu sauti huwa butu. Alikuwa pia mjomba wa Afande, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu alipofiwa na baba.

"Mjomba, shikamoo. Jana uliondoka saa ngapi?"

Mzee alitabasamu tu. "Vua hiyo barakoa, mwanangu, nikuone uso. Unaificha sura nzuri hivyo ya nini?"

Afande alicheka, akaivua, akarudia swali.

"Marahaba. Saa kumi na mbili kasoro."

"Na kipande kilikuwa kizima?"

"Nilikigonga, nikakipitisha," alijibu mzee, akaenda zake.

Aliyefuata alikuwa fundi wa tanuri, bwana mnene waliyemwita Kitambi, naye hakukasirikia jina hilo.

"Gundi haikushika," Afande alimwambia. "Lawama ingekuja tanurini. Uliamua kuharibu ushahidi?"

"Mimi?" Kitambi alishika kifua. "Afande, kipande kimeshapita, kina muhuri! Ningetaka kuficha si ningenyamaza tu? Aliyeficha maiti haendi kuifukua mwenyewe."

Maneno yale yalimwingia. Kweli, aliyebandua hakuficha ubovu, aliuanika.

Chiriku alikuwa ameketi kwenye chumba cha walinzi, macho yamevimba.

"Sikukigusa, Afande. Naapa."

"Lakini kuna kitu unakimeza. Leo hujanena maneno kumi, na wewe ni Chiriku."

Binti aliangua kilio. "Ni gundi. Inakaa kwenye friji, tukiitoa lazima ingoje ndani ya mfuko wake mpaka baridi iishe. Jana nilihimizwa, nikaufungua ikiwa bado baridi. Ikatoa jasho la maji, na gundi yenye maji haishiki. Nikaifuta, nikasema haidhuru."

"Haraka haraka haina baraka, mama. Hilo jasho lilikaa upande gani?"

"Sijui! Lingeweza kukaa popote. Ukishafunika bati, nani anaona?"

Afande alisimama taratibu. Kama Chiriku hakujua mahali penye ubovu, na Kitambi hakujua, basi ni nyundo peke yake iliyoweza kupajua. Lakini mwenye nyundo alikuwa amekipitisha kipande kile. Akakumbuka barakoa, na lile tabasamu lisilojibu swali. Moyo ulimuuma kiasi cha kutamani asingekumbuka.

Saa tano na nusu aliingia chumba cha ukaguzi. Mzee Nyundo alikuwa amempa mgongo, akifuta nyundo yake kwa kitambaa. Afande alisimama hatua chache nyuma yake.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya kawaida, "Chiriku anapelekwa polisi."

Mzee aliendelea kufuta.

"Mjomba!"

Hakugeuka. Afande alizunguka meza akasimama mbele yake, na mzee alipouona uso ule aliiweka nyundo chini.

"Tangu lini?" aliuliza Afande.

"Miezi kadhaa. Ilianza kwa kufifia, nikadhani ni mafua. Nikajifunza kusoma midomo ya watu. Lakini bati halina mdomo, mwanangu."

"Na jana?"

"Nilikigonga nikaona kiko sawa, nikapiga muhuri. Wenzangu walipoondoka nikawa nakifuta. Kiganja kilipofika kwenye kona, bati likabonyea. Nikagonga tena, na tena. Mkono unaniambia pabovu, sikio limenyamaza. Ningekirudisha, wangeniuliza kwa nini nilikipitisha. Nikashindwa. Lakini nisingeweza kukiacha kipae na watu ndani. Nikachukua patasi."

"Unajua wamemshika nani?"

"Niliona kuna zogo, sikujua la nini. Watu wakigombana hawanitazami usoni. Ni nani?"

"Chiriku."

Mzee alifumba macho. "Yatima wangu mwingine," alisema. "Basi nipeleke."

"Mjomba, kuna vingine ulivyopitisha miezi hiyo."

"Ndiyo vinavyoninyima usingizi. Mficha maradhi kifo humfichua, na hapa kifo kingekuwa cha wengine. Twende kabla sijaogopa tena."

Mbele ya Meneja mzee hakujitetea. Alieleza yote, akaweka muhuri wake mezani. Meneja aliyekuja na ukali alishika simu kuwataka wateja wasivitumie vipande vyote vya miezi ile mpaka vipimwe upya. Chiriku alipewa onyo kwa ajili ya gundi, akarudishwa kazini. Alipita mbele ya mzee, akamshika mikono yote miwili, akalia naye.

Jioni Afande alimngoja langoni. Walitembea bega kwa bega mpaka mzee aliposimama.

"Nikuambie jambo? Ukizungumza nami, nakutazama midomo, na sauti ninayoisikia ni ile ya utoto wako, ulipokuwa ukiniita kutoka uani. Ya sasa siijui. Nasikitika sikuisikiliza vizuri nilipokuwa bado nasikia."

Afande alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka barabarani mbele za watu. Akamgeukia, akauinua uso wake aonekane vizuri.

"Ni ileile, Mjomba," alisema polepole. "Haijabadilika."

Alikuwa anamdanganya, na mzee alijua, akamshika mkono wakaendelea kutembea.