Kicheko Alikuwa Safi

Alhamisi ile muuguzi alikuta sufuria ya kuchemshia vyombo vya kupimia wagonjwa inatokota, na jiko halijawashwa. Alidhani mfagiaji anamtania. Akafunua, mvuke ukampiga usoni na harufu ya yasmini. Marashi yale aliyajua.

Alhamisi ilikuwa siku ya wanawake wa danguro. Sheria iliwataka wapimwe kila wiki: mzima hugongewa muhuri wa SAFI kwenye kadi, mgonjwa hufungiwa wodi ya nyuma. Wateja wao hawakupimwa, utadhani maradhi yalikuwa yakiwaona yanawapisha njia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," daktari alizoea kuwaambia wanawake, akijisikia mwenye hekima.

Mwenye marashi alikuwa Kicheko, mmoja wao. Miezi minane kadi yake ilikuwa safi, kisha akakutwa mgonjwa, akafungiwa, akafia humo. Muuguzi alijua ugonjwa ulikotoka. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, na daktari akamkataza kuchemsha chombo cha kupimia kati ya mwanamke na mwanamke, akisema wote ni walewale. Naye akatii.

Mganga aliyeitwa na mfagiaji alinusa mvuke, akakunja mkoba wake.

"Huyu simfukuzi," alisema kwa sauti ya chini. "Ana haki yake. Anataka asafishiwe jina."

"Nikisema nitafukuzwa kazi, baba. Nina watoto watatu."

"Usiposema, atahamia kwako. Kwa hao watatu."

Muuguzi alitoka hadi kwenye mabenchi, harufu ikimfuata hatua kwa hatua, pumzi ya mtu asiyeonekana ikimpuliza shingoni, akawatazama wanawake wenye kadi mikononi na kulisema lile alilolificha mwaka mzima. "Kicheko alikuwa safi. Sisi ndio tuliomwambukiza, humu humu."

Mmoja alianza kulia. Daktari akatoka, akamwambia muuguzi akusanye vitu vyake, kisha akarudi chumbani kwake kwa hasira.

Jikoni sufuria ilinyamaza. Muuguzi alishusha pumzi, akahisi mwili mwepesi, ingawa kazi haikuwepo tena.

Ndipo mlango wa daktari ulipojifunga kwa ndani. Wote walimsikia akitikisa kitasa, akibembeleza, halafu sauti ya mwanamke, taratibu, haina hasira hata kidogo:

"Vua, ulale chali. Leo ni zamu ya wanaume."