Mlango wa Rangi

Asubuhi ya siku ya nne ya kazi, Ndinda alikuta mlango aliouchora ukutani uko wazi kwa upana wa kidole.

Alikuwa ameuchora umefungwa. Ukuta ulikuwa wa nyumba tupu katika Mji wa Kale, na mlango wake halisi ulizibwa kwa mawe zamani. Kikundi cha wasanii kilitaka kupageuza pale pawe mahali pa watu wote: viti vya saruji, kivuli, na picha ya mlango wa nakshi ambayo mpita njia yeyote angeitazama bure.

"Khubaib, nani amegusa kazi yangu?"

Mwenzake alicheka akiwa juu ya ngazi. "Dada, umechora mlango mpaka watu wataka kuingia."

Ndinda akaupaka ule ufa mweusi rangi ya kahawia. Ukafungika.

Saa saba mchana Khubaib alikwenda kuswali na kula kwao. Vichochoro vikanyamaza. Ndinda alikuwa ametoka Machakos na kupanga chumba Bondeni, na kwa miezi miwili hakuna aliyembishia hodi. Alikuwa akila mkate peke yake aliposikia harufu ya udi, kisha mitawanda, vile viatu vya mbao, vikigonga sakafu nyuma ya ukuta.

"Hodi," sauti ya mwanamke ilisema.

"Karibu," Ndinda akaitika.

Ng'ambo ya njia Mejumaa, muuza mahamri, aliacha kukanda unga.

"Umemwitika nani, mwanangu?"

"Kuna mtu amebisha hodi."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Mejumaa akashusha sauti. "Sisi hapa hodi ya kwanza hatuitiki. Twangoja ya tatu. Hao hawafiki tatu."

Jioni ile mwenye nyumba wa Ndinda hakujibu salamu yake. Kesho yake alimnyooshea mkono muuza maji, naye akampita tu. Siku ya tatu Ndinda alimwita Khubaib akiwa hatua mbili kutoka kwake, akamwita tena kwa sauti kubwa, lakini Khubaib aliendelea kupiga mluzi na kuchanganya rangi, kisha akamlalamikia Mejumaa kwamba yule dada wa Machakos ameacha kazi bila kuaga. Chumbani Bondeni Ndinda alikuta vikombe viwili vimelowa, na mto wake unanuka udi.

Mejumaa peke yake alikuwa bado anamsikia, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Ndiye aliyemleta Nyevu, mganga kutoka Kisauni. Nyevu aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka.

"Huyu hakuvunja mlango. Alikaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye atakayemtoa. Kesho saa saba mwambie aende zake, kisha paka chokaa. Akisema neno, usimjibu. Ukimjibu, basi, hakuna atakayekusikia tena."

Kesho yake Ndinda alisimama mbele ya mlango na ndoo ya chokaa, jua likiwa utosini, madirisha yote ya mtaa yamefungwa, na harufu ya udi ikimjia nzito kana kwamba mtu ameinamisha kichwa karibu na shingo yake, na ule ufa alioufunika kwa rangi ukiwa sasa na upana wa mkono.

"Sikukaribishi," alisema. "Nenda zako."

Mitawanda ilirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Ndinda akachovya brashi.

"Umekula?" sauti ikauliza.

Tangu afike Mombasa hakuna aliyemwuliza hivyo. Alijua hafai kujibu. Brashi ilidondosha chokaa kwenye ndara zake za buluu.

"Bado," akasema.

Mejumaa alisikia komeo likifungwa. Alipoinua macho, aliona ndoo tu.

Siku ya uzinduzi watu walikaa kwenye viti, wakapiga picha. Wengi waliwasifu wachoraji kwa jozi mbili za viatu zilizochorwa kizingitini: mitawanda, na ndara za buluu zenye matone ya chokaa. Khubaib alisema hakuvichora yeye, wala hajui ni nani.

Saa saba watu walikwenda kula. Mejumaa alibaki na karai lake.

"Hodi," ukuta ulisema, kwa sauti ya Ndinda.

Mejumaa alijiziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Moja, akahesabu. Akangoja ya pili.